Mama Wawili Katika Faili Moja

Daktari aliisoma kompyuta yake kwa utulivu, kisha akamgeukia mama yangu na kumuuliza, "Mama, kisukari chako kinaendeleaje?"

Mama yangu hana kisukari. Hajawahi kuwa nacho hata siku moja. Tulikwenda pale hospitali kwa sababu ya tumbo: kila akila ndizi zilizopikwa na nyama ya mafuta, maumivu yanamshika ubavu wa kulia, yanapanda hadi begani, anajikunja kitandani mpaka jasho linamtoka. Nilishafungua mdomo nimwambie daktari kwamba amekosea mgonjwa, mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Halafu akajibu kwa ile sauti yake ya upole ya kanisani.

"Tunamshukuru Mungu, mwanangu. Ninajitahidi."

Daktari akafurahi. Akamuuliza kama anameza dawa zake asubuhi na jioni. Mama akasema anameza. Akamuuliza kama nyayo bado zinamuwaka moto akilala. Mama akafikiri kidogo, kama mtu anayetafuta jibu la haki, akasema siku hizi afadhali. Nilimtazama yule mwanamke aliyenizaa, mzee wa kanisa, aliyenichapa kwa fimbo ya mbuni nilipokuwa mdogo kwa sababu nilisema nimenawa mikono na sikuwa nimenawa, na nikasikia damu inanichemka.

Tulipotoka nje nilimshika mkono. "Mama, una kisukari tangu lini?"

"Tangu leo," akasema. "Na usinifokee mbele za watu."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mwenye kisukari ni mama mdogo, mdogo wake wa kufuatana, anayekaa Sombetini, mjini. Mama mdogo hana bima ya afya. Mama anayo, kwa sababu ya ajira yangu. Mimi ndiye niliyejaza fomu, mimi ndiye niliyepeleka picha yake ndogo. Na kadi hiyo niliyoihangaikia, kumbe ilikuwa haikai kwa mama kule kwetu mlimani, Nkoaranga. Ilikuwa inakaa Sombetini, kwenye kabati la vyombo la mama mdogo, na mama akitaka kwenda hospitali inabidi ampigie simu mdogo wake kuiomba kadi yake mwenyewe.

Hospitali nyingine siku hizi wanachukua alama za vidole. Pale walikuwa wanaangalia picha tu, na picha haikuwasaidia kitu. Hawa ndugu wawili Mungu aliwafyatua kwenye kalibu moja: paji la uso moja, meno yale yale ya kahawia yaliyoungua kwa maji ya kwetu, hata kitambaa wanafunga kwa mtindo mmoja. Nikiwa mtoto niliwahi kumfuata mama mdogo sokoni nikishika khanga yake, nikidhani ni mama.

Lazima nieleze kwa nini nilikasirika kuliko ambavyo mtu mwingine angekasirika. Mimi ninafanya kazi mapokezi, kwenye zahanati ndogo Ngarenaro, katikati ya gereji na mtu wa kuchomelea mageti. Nilianza pale enzi za mafaili ya karatasi. Mgonjwa akija, ninainama, ninapekua rafu, ninapiga chafya ya vumbi, na mara nyingi sipati kitu. Faili limeliwa na panya, au limewekwa kwa mtu mwenye jina linalofanana, au daktari aliondoka nalo. Basi ninafungua jipya. Mgonjwa anaanza upya maisha yake, kana kwamba amezaliwa asubuhi ile. Mama mjamzito anaulizwa tena kama uzazi uliopita ulikuwa wa kisu. Mzee wa presha anaulizwa anatumia dawa gani, anajibu, "Vile vidonge vyeupe." Vidonge karibu vyote ni vyeupe.

Kompyuta zilipokuja nilizipenda kuliko nilivyozipenda redio za ujana wangu. Sasa ninaandika jina, na mtu mzima anafunguka mbele yangu. Umri wake, uzito wake wa leo na wa mwaka jana, presha yake kila alipokuja, chanjo za watoto wake, majibu ya maabara, picha za kifua, dawa alizopewa na alizokatazwa, ndugu wa kupigiwa simu akizidiwa. Nimeona ikiokoa watu. Alikuja mama na mtoto wa kikohozi, mtoto anacheka, na kwa kumtazama tu mashavu yake yamenenepa. Lakini daktari alipotazama mstari wa uzito akaona unateremka kila mwezi, akamzuia asiondoke, na ikawa kifua kikuu. Alikuja fundi wa magari mwenye maumivu ya mgongo, daktari akaandika dawa, na mtoa dawa akaikataa kule dirishani kwake kwa sababu ilishaandikwa kwamba dawa hiyo ilimvimbisha koo. Hakuna aliyemuuliza, na yeye mwenyewe alikuwa ameshasahau.

Lakini kompyuta haina macho. Inaamini kile tulichoiambia. Ukiilisha ukweli inakupa ukweli, ukiilisha uongo inautunza uongo huo vizuri sana, kwa tarehe na saa, na kumpelekea kila daktari atakayefungua. Karatasi ya zamani ilikuwa na huruma moja: ilipotea. Uongo uliopotea haumdhuru mtu.

Siku ile nililazimika kurudi kazini. Nilimwacha mama kwenye benchi akisubiri majibu ya damu na picha ya tumbo. Jioni alinipigia simu akaniambia ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, kwamba lazima apasuliwe, lakini daktari amesema arudi baada ya miezi michache kwa sababu anataka kwanza kuitazama sukari.

"Sukari ya nani?" nikamuuliza.

Akakata simu.

Jumapili iliyofuata nikapanda kwenda nyumbani, na niliomba kikao. Ndiyo desturi yetu. Jambo la kadi si jambo la mtu na mama yake, ni jambo la ukoo. Tulikaa sebuleni, chai ya maziwa na ndizi za kuchoma mezani, mvua imeloanisha njia mpaka mama mdogo aliingia na viatu mkononi. Mwenyekiti alikuwa mjomba, kaka yao mkubwa. Huyu mjomba presha yake ni nzuri, sukari yake ni nzuri, na shamba la kahawa aliloacha babu amelikalia peke yake.

Niliongea kwa adabu mwanzoni. Nilisema mama anaumwa mawe na hawezi kupasuliwa, kwa sababu faili linasema ana ugonjwa ambao hana. Nilisema siku akiletwa hospitali amezimia, mtu atasoma faili lile na kumpa matibabu ya mgonjwa mwingine. Nilisema mama mdogo naye yuko hatarini, kwa sababu hakuna daktari anayemtazama yeye. Wanamtazama mtu aliyetengenezwa kwa nusu yake na nusu ya dada yake. Mjomba akakoroga chai.

"Kwa hiyo wewe unamwombea mama yako azimie," akasema.

Nikapendekeza tuchange, sisi watoto na yeye mjomba, mama mdogo akatiwe bima yake mwenyewe. Mjomba akasema hilo ni wazo zuri, litajadiliwa. Nawajua hawa wazee. Jambo likishasemwa kwamba litajadiliwa, limezikwa.

"Undugu ni kufaana, si kufanana," akamalizia, na watu wakatikisa vichwa.

"Hawa wamefaana kwa sababu wanafanana," nikajibu. "Mngekuwa mmefaana kweli msingemwacha aishi kwa wizi."

Neno hilo likaanguka katikati ya sebule na hakuna aliyeliokota. Mama mdogo aliinamisha uso. Mama alisimama akatoka nje. Mjomba, ambaye hajawahi kumnunulia dada yake hata kidonge cha kichwa, akaona nafasi yake ya kutetea heshima ya familia. Akaniagiza niende kwenye ua nikakate isale.

Isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani. Kwetu, ukimpelekea mtu isale kumwomba msamaha, hana ruhusa ya kukataa. Nawe ukishalitoa huna ruhusa ya kulirudia jambo. Kulirudia ni kumtukana aliyelipokea. Nililikata. Nililileta kwa mikono miwili, nikapiga magoti mbele ya mama mdogo, na nikamwomba msamaha mtu aliyekuwa amekaa ndani ya faili la mama yangu. Alilipokea bila kuniangalia. Nilidhani ni ushindi unampa kiburi. Nilishuka mlima ule nikiwa nimekasirika hivi kwamba sikumwamkia mtu njiani, hata wazee.

Ikawa basi. Sikusema tena. Kazini nilikuwa ninamkagua kila mgonjwa mwenye bima kama polisi wa barabarani, ninaitazama picha, ninautazama uso, ninamuuliza tarehe ya kuzaliwa, mpaka daktari wetu akaniambia nipunguze.

Halafu mama akanipigia simu kazini, mchana, akalia. Mama mdogo kalazwa. Kakanyaga msumari kwenye ua wake, kwa kuwa nyayo zake hazisikii hakujua, akautembelea msumari ule ndani ya kandambili mpaka mguu ukaanza kunuka.

Nilipofika wodini nilimkuta amelala, macho yamezama, mguu wa kushoto umefungwa bandeji kubwa hadi chini ya goti. Mkononi alikuwa na plasta iliyoandikwa jina la mama yangu. Mama mwenyewe alikuwa amekaa pembeni kwenye ndoo iliyogeuzwa, ameshika chupa ya uji. Nesi aliingia akaita jina lile, na nilimwona mama anainua kichwa aitike, kisha anakumbuka na kufunga mdomo. Mama mdogo ndiye aliyeitika.

Daktari wa wodi alikuja, na alikuwa na hasira karibu kama yangu. Alimsema mama mdogo mbele ya wodi nzima. "Mama, ulikuwa unaendelea vizuri sana. Mbona umeacha dawa?"

"Sijaacha," mama mdogo akasema kwa shida. "Nameza zile mlizonipa."

Nikamuuliza daktari ana maana gani kusema alikuwa anaendelea vizuri. Akanionyesha kwenye kompyuta ya wodi, bila kinyongo. Alidhani mimi ni binti wa mgonjwa, na kwa mujibu wa faili lile nilikuwa binti wa mgonjwa. Akanionyesha sukari za muda mrefu, zote juu, juu, juu. Kisha, ghafla, sukari moja nzuri kabisa, ya mtu mwenye afya. Chini yake daktari wa kliniki ameandika kwamba mgonjwa amejitahidi sana, aina moja ya dawa isimamishwe na ile nyingine ipunguzwe nusu, kisha sukari iangaliwe kwa miezi michache.

Ilikuwa siku ya tumbo. Ilikuwa damu ya mama yangu.

Nilimtazama mama, na yeye akautazama uji. Alijua. Alikuwapo chumbani daktari aliposema dawa zinapunguzwa. Aliitikia, akashukuru, akaondoka, na hakuniambia mimi kwa sababu aliogopa nitafoka, wala hakumwambia mdogo wake kwamba damu ile haikuwa yake. Mama mdogo alipokwenda kuchukua dawa akapewa kidogo, aliuliza, akaambiwa sukari yako imetulia, mama, hongera. Akaamini. Angeachaje kuamini? Ilikuwa imeandikwa kwenye kompyuta. Alikwenda jumuiyani kwao Sombetini akasimama, akatoa ushuhuda kwamba Bwana amemgusa, na watu wakaimba. Akanunua soda ya kwanza baada ya miaka mingi.

"Nilifikiri labda ni kweli," mama aliniambia kwenye korido, analia. "Mungu hashindwi na kitu. Nilifikiri labda na yeye imeshuka."

Sijawahi kuwa na hasira kama ile na sidhani kama nitakuwa nayo tena. Nilitaka kuvunja kitu. Nilimwambia ninaingia kwa daktari sasa hivi kumwambia kila kitu. Mama akanishika gauni kwa mikono yote miwili, mbele ya wauguzi na wagonjwa.

"Mguu unakatwa kesho," akasema. "Ukisema leo watamtoa kitandani leo. Atafia wapi, njiani?"

Sijui kama wangemtoa. Ninawajua watu wa hospitali, mimi ni mmoja wao, sidhani. Lakini sikuwa na uhakika, na mtu aliyelala pale hakuwa na muda wa mimi kutafuta uhakika. Nilirudi wodini nikamwambia nesi kwamba kabla ya upasuaji wampime kila kitu upya, kundi la damu, sukari, kila kitu, na kwamba mgonjwa huyu penisilini haimdhuru lakini dawa za salfa zinamtoa malengelenge, hata kama kompyuta inasema vingine. Nesi akachukia. Akaniuliza kama ninataka kumfundisha kazi. Nikamwambia ndiyo. Aliandika, huku anasonya, na walipima upya.

Wakaukata mguu chini kidogo ya goti. Alipona. Alirudi nyumbani na magongo mawili, na mjomba alituma mkungu wa ndizi.

Mama hakurudi kwa ajili ya mawe yake. Kila nilipomuuliza alisema tumbo limetulia. Mdogo wake alikuwa bado anakwenda kusafishwa kidonda kwa ile ile kadi, na mama hakutaka kuigusa. Kumbe alikuwa ameacha kula mafuta, ameacha maharage, ameacha karibu kila kitu. Gauni lilikuwa linamning'inia. Kisha siku moja jirani akanipigia kwamba mama anatapika nyongo na macho yamekuwa ya njano. Nilimkodia gari, nikamtuma mtu wa bodaboda akaichukue kadi Sombetini, mimi mwenyewe bila kusema na mama mdogo neno, na nikampeleka hospitali ile ile, kwa sababu bima yenyewe ilituelekeza pale.

Daktari wa zamu alikuwa mpya, binti mdogo mwenye miwani. Alisoma faili. Akasoma tena. Kisha, kwa sauti ya heshima, akamuuliza mama kama kidonda cha mguu kimefunga.

Mama akavuta miguu yake nyuma. Binti yule akainama taratibu, akachungulia chini ya meza. Miguu ya mama yangu ilikuwa pale, yote miwili, ndani ya viatu vya plastiki vyenye matope ya Nkoaranga.

Sijui nilicheka au nililia, ila sauti ilinitoka. Mama akanikanyaga. Safari hii niliuondoa mguu wangu, nikasema yote. Nilisema kadi, nilisema Sombetini, nilisema damu, nilisema dawa zilizopunguzwa. Nilisema mguu uliokatwa ni wa mwingine, na mawe ni ya huyu, na kwamba mimi ninafanya kazi kwenye hizi kompyuta na ninajua nini kitanipata. Daktari alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Hakunigombeza. Alimlaza mama, akaanza kumtibu homa ya nyongo, na akanituma ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa.

Ofisa wa kumbukumbu alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia ukweli ambao ninaujua na nisingependa kuambiwa. Kufuta ni marufuku. Kinachoandikwa hakifutwi, kinatenganishwa. Na hawezi kutenganisha kwa maneno yangu. Kila siku ya matibabu lazima mwenyewe aseme ilikuwa yeye. Mama aseme zake. Na yule mwingine aje mwenyewe, na kitambulisho chake, aseme zake. Asipokuja, hawatajua sukari ipi ni ya nani, na hakuna daktari wa upasuaji atakayemlaza mtu kwenye meza na faili la namna hiyo. Bima pia itaarifiwa. Kadi ikasimamishwa siku hiyo hiyo, na mwajiri wangu akaniita nijieleze.

Mama, kutoka kitandani, na sindano ya maji mkononi, alisema maneno ambayo sitayasahau. "Ukienda kumtoa mwanamke wa mguu mmoja nyumbani kwake ili akasimame mbele ya maofisa aaibishwe, mimi si mama yako."

Nikamwambia haitakuwa mara ya kwanza, maana kwenye kompyuta ameshakuwa watu wawili.

Nikaenda Sombetini. Nilikwenda na hasira zangu zote, za kikao, za jani, za ushuhuda, za gauni lililoning'inia. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, tena mabaya. Mama mdogo alikuwa kibarazani kwenye kiti cha plastiki, anachambua mchicha kwenye ungo, magongo yameegemea ukuta nyuma yake ambapo mkono haufiki.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Dada anaendeleaje?"

Nikamwambia. Sikumficha kitu. Nilimwambia dada yake amelazwa na macho ya njano, hawezi kupasuliwa. Nilimwambia nimeshasema, kadi imefungwa, na kwamba ninajua nilitoa isale na sasa nimelirudia jambo, anilaani akitaka. Nilimwambia wanamhitaji yeye mwenyewe, na kitambulisho, mbele ya ofisa, aseme siku zipi alikuwa yeye. Nilimwambia pia habari ya damu, kwa kuwa niliona hakuna aliyewahi kumwambia, na kweli hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mikono yake ikasimama juu ya mchicha. Nilisubiri alie, au anifukuze. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Kwa hiyo sikuwa nimepona," akasema.

"Hapana, mama mdogo."

"Na mguu? Huko kwenye kompyuta wameuandika wa nani?"

"Wa mama."

Akauweka ungo chini. "Siku ile ya kukatwa," akasema, "yule sista alinisomea jina, akaniuliza, ndiye wewe? Nikasema ndiye. Nikalala pale nikifikiria, nikifa hapa watamlilia dada na yuko hai, na mimi nitakuwa sijafa. Sikuogopa kisu. Niliogopa hilo." Alivuta gauni akafunika pale goti lilipoishia. "Nyinyi mlikaa kikao juu yangu. Mjomba wako alisema, wewe ulisema, dada akalia. Mimi hakuna aliyeniuliza kama ninapenda kuumwa kwa jina la mtu."

Maneno yote niliyopanga njiani yalikuwa ya mtu mwingine.

"Wakinikatalia dawa, wanikatalie mimi," akasema. "Lakini mguu ni wangu. Wauandike wangu."

Halafu akanyoosha mkono nyuma, ukutani, na haukufika.

"Nipe hayo magongo."